Risiva mpya, santuri za spika nne za mwaka 1973, nyuma napata mwangwi tu. Naomba ushauri

Mzee_wa_Ntinda (Kampala):
Wakuu, salaam. Nina santuri kumi na kitu za kwadrafoniki (sauti ya chaneli nne). Risiva ni ya 7.2 (spika saba, za besi mbili), zote zimefungwa. Nikiweka Dolby Surround, mwimbaji anahamia spika ya kati, nyuma nabaki na mwangwi. Niweke mpangilio upi nipate chaneli nne halisi? Naomba mpangilio tu, mengine ninayo.

FundiWaya (Jinja):
Mpangilio hauna kosa, ssebo. Dolby Surround ya risiva za sasa inabuni tu, haijui santuri yako ilifumbwa kwa njia gani. Jalada limeandikwa nini? SQ ya CBS na QS ya Sansui zinabana chaneli nne ndani ya mbili kwa kuzungusha awamu (kusogeza wimbi la sauti). CD-4 ya JVC ni mnyama mwingine. Kama ni QS na risiva bado ina Pro Logic II (mfumo wa zamani wa Dolby), chagua Music, iambie risiva huna spika ya kati, utapata matokeo ya kuridhisha. Kwa SQ hiyo haitoshi.

Mzee_wa_Ntinda:
Ni SQ. Kompyuta inaweza?

Hesabu_za_Sauti (Entebbe):
Inaweza. Mbele kushoto na mbele kulia chukua chaneli zako mbili kama zilivyo. Nyuma kushoto: chaneli ya kushoto izungushwe digrii 90, zidisha kwa 0.707, toa ya kulia mara 0.707. Nyuma kulia: ya kushoto mara 0.707, toa ya kulia iliyozungushwa digrii 90, nayo mara 0.707. Kwenye ffmpeg (programu ya kuchakata sauti) kazi hiyo hufanywa na `hilbert` pamoja na `afir`. Wengi hukwama hapa: kichujio kinachelewesha sauti, kwa hiyo njia isiyozungushwa icheleweshwe kwa kiasi kilekile, la sivyo hesabu yote inavurugika. Hifadhi FLAC (faili isiyopunguza sauti) ya chaneli sita, kati na LFE (ya besi nzito) ziwe kimya, maana vifaa vingine havitambui chaneli nne kupitia HDMI.

Usitarajie muujiza lakini. Hesabu hii ya msingi inatenga vizuri kushoto na kulia, ila mwimbaji aliye katikati mbele atasikika nyuma kwa nguvu ileile. Dikoda nzuri (vifaa vya kufumbua chaneli nne) zina mantiki ya kumfukuza huko.

Baba_Santuri (Mbale):
Hata kabla ya hayo, gramafoni yenyewe ilitoka wapi? Zile za Marekani za miaka ya 70 zenye mota inayofuata masafa ya umeme zinataka 60 Hz. Hapa ni 240 V, 50 Hz. Transfoma inashusha volti, haibadilishi masafa. Badala ya 33⅓ utapata mizunguko kama 27.8 kwa dakika, kila mwimbaji anakuwa na sauti nzito ya askofu.

FundiWaya:
Baba, tusimpoteze mtu. Mzee, hujajibu: jalada limeandikwa nini, neno kwa neno? Na unasikiliza santuri yenyewe au faili?

Mzee_wa_Ntinda:
Faili. Kuna kijana alininakilia kwa MP3 ya 320, ni safi kabisa. Jalada lina RCA na neno Quadradisc. Lakini muuza dikoda alinihakikishia kifaa chake cha SQ kinafungua zote. Nimeshatoa laki nane, nusu ya bei, na yeye si mtu wa kubahatisha.

FundiWaya:
Basi ndiyo hiyo. Quadradisc ni CD-4. Tofauti ya mbele na nyuma imebebwa na wimbi la 30 kHz, mkondo wake unafika karibu 45 kHz. MP3 imeutupa wote. Hata WAV ya 44.1 kHz inaishia 22 kHz. Dikoda ya SQ haina cha kufungua humo.

Unachohitaji: sindano ya Shibata (ncha nyembamba iliyochongwa kusoma masafa ya juu) au ya aina hiyo, kebo fupi yenye kapasitansi ndogo (pamoja na nyaya za mkono, usivuke pikofaradi 100), na dimodyuleta (kifaa cha kufungua CD-4) kama JVC 4DD-5 au Technics SH-400. Gramafoni iingie moja kwa moja kwenye dimodyuleta, usipitishe kwenye kikuza sauti cha gramafoni (phono). Kutoka hapo waya nne ziende kwenye ingizo la analogi la chaneli nyingi la risiva. Geuza risiva uone kama unalo, nyingi za siku hizi wameliondoa.

Mama_Kasuku (Mukono):
Santuri ya 1973 kuichezesha kwa sindano ya kawaida ya duara! Watu wamefungwa kwa madogo.

Shahidi_wa_Pili (Arua):
Mimi hadithi hii siiamini. Mwanzo SQ, sasa Quadradisc, na muuza dikoda anasifiwa kila mara. Mwenye santuri husoma jalada. Nahisi tunaandikiwa na muuzaji mwenyewe. Rekodi santuri moja kwa 96 kHz, fungua picha ya masafa kwenye Audacity (programu ya kurekodi), kikomo weka 48000. Mstari wa 30 kHz ukionekana nitaomba radhi.

Mzee_wa_Ntinda:
Nimerekodi. Mstari upo mwanzoni mwa upande, unafifia kuelekea katikati, mwisho haupo. Kwa hiyo santuri zimekwisha?

Shahidi_wa_Pili:
Radhi, mzee.

FundiWaya:
Usizihukumu bado. Ukingoni mfereji unapita kwa kama sm 51 kwa sekunde, karibu na lebo kama sm 21. Wimbi la 30 kHz linapungua kutoka mikroni 17 hadi 7. Kama sindano yako ni ya duara, ncha yake ina nusu kipenyo cha mikroni 18 hivi, haiingii humo. Jaribu sindano ya Shibata kwanza. Kukiwa na mchakacho kama wa msasa, hapo ndipo mfereji umeliwa.

Mzee_wa_Ntinda:
Sawa. Ila laki nane hairudishwi, na kuna mbili za ABC zenye alama ya QS. Jumamosi naenda kuichukua dikoda.

Hesabu_za_Sauti:
Ulisema zote ni SQ.

Mzee_wa_Ntinda:
Nilisema SQ. Sikusema zote.

FundiWaya:
Muulize kama ina swichi ya QS kabla hujatoa nusu ya pili. Na nenda na santuri, si MP3.