Yule mtangazaji wa zilipendwa jana usiku kakata wimbo gita la solo linaingia!! Hivi ana roho kweli?

Waya wa Nne (mleta mada)

Wakuu, nina hasira mpaka simu inapata moto. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa kipindi cha usiku anayecheka kabla hajasema lolote. Jana kaweka Sina Makosa ya Les Wanyika. Vizuri. Kaacha waimbaji waimbe. Vizuri. Sauti zikapumzika, solo likagusa nota mbili, MBILI, kakata. Likaingia tangazo la magodoro.

Magodoro, jamani!

Kurudi hewani anatuambia wimbo "ulishakwisha pale, huko mbele ni magita tu yanajirudia". Magita tu? Hiyo ni kumpakulia mtu wali wa nazi halafu unamnyang'anya sahani mchuzi unapofika mezani.

Besi ya Tom Malanga mle ndani ina wimbo wake kamili. Ipige mluzi bila neno hata moja, mtu wa ng'ambo ya barabara atakuitikia. Rithim (gita la kushika mwendo) ya Omari Shabani inakaa kwenye mapengo ambayo besi imeyaacha kwa makusudi, wala haigusi pengine. Solo la John Ngereza muda wote huo linachokoza kidogo na kurudi nyuma, linachokoza na kurudi nyuma, kwa sababu lina zamu yake. Zamu yake ikafika. Nota mbili. Magodoro.

Na kasi kaiongeza, asibishe. Chukua gita lililotuniwa sawasawa ujaribu kupiga na ile ya jana: hupati mpaka uhame freti (kipande kimoja cha shingo ya gita) moja juu. Santuri ukiisukuma kwa asilimia 6 hivi, wimbo mzima unapanda nusu toni na watu wazima wanaimba kama wamevuta puto. Yaani alikuwa anakimbilia lile tangazo tangu mwanzo! Wimbo uko hai tangu miaka ya 1970 mwishoni, umepita kwenye santuri, kanda, sidii na simu, haukufa. Umekuja kuuawa na godoro.

Mtoto wa Kota

Mleta mada umezaliwa mwaka gani? Dunia nzima imelala, wewe unahesabu nota.

Waya wa Nne

Mkuu, zilikuwa mbili. Hata asiyejua hesabu angezihesabu.

Fundi Mitambo Mstaafu

Niko na mleta mada, ila aongeze jambo. Santuri za 45 (mizunguko 45 kwa dakika) upande mmoja ulibeba dakika nne au tano hivi, kwa hiyo nyimbo ndefu zilikatwa vipande viwili, upande A na upande B. Mafundi wa zamani walijua pa kukatia: walishusha sauti taratibu, na upande B ukaanza pale pale ulipoachia. Mtu aligeuza sahani kwa mkono wake ili apate magita. Aliinuka kwenye kiti akageuza! Sasa wewe una faili zima kwenye kompyuta, hugeuzi chochote, na bado unakata?

Sauti ya Tanga

Tukumbushane pia hawa Wanyika walitokea wapi. Les Wanyika ilizaliwa Nairobi 1978 baada ya wenyewe kujitoa Simba Wanyika, na Simba Wanyika ni kina Wilson na George Kinyonga, vijana wa Tanga. Ule mtindo haupandi kasi. Wakongo wanaimba polepole kisha sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea, linalipuka. Bendi za Dar zina chemko, mwendo unabadilika na wapulizaji wanaamka. Wanyika mwendo ni ule ule tangu nota ya kwanza. Kwa hiyo hakuna "pale ulipokwisha". Anayekata anakata katikati ya sentensi.

Waya wa Nne

ASANTE. Katikati ya sentensi. Nota mbili!

Mtoto wa Kota

Kama hakuna mabadiliko si ndiyo yanajirudia? Mtangazaji yuko sahihi, tusonge.

Sauti ya Tanga

Dogo, tega sikio kwenye besi tu. Duru inarudi, lakini solo kila likipita linaanzia mahali tofauti: mara kabla ya pigo, mara baada, mara linaacha duru nzima lisiseme kitu. Ukilizoea utasikia kwamba hata ukimya wake umepangwa.

Dada Kanuni

Nyie mna bahati, mnalilia kukatwa. Sisi wa taarabu chombo chenyewe kimeondolewa. Kinanda cha umeme kimekula udi, kimekula kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi cha kulaza mapajani), kimekula fidla zote. Mtu mmoja, vidole kumi, anajiita kundi! Na hoja ya urefu mwiache. Siti binti Saad alirekodi Bombay 1928 kwenye santuri za 78, upande mmoja dakika tatu hivi, na mpaka leo tunamtaja. Wimbo hukaa kwa sababu shairi lina vina na mizani iliyotimia na mwimbaji anajua pa kuvuta pumzi. Akivuta pumzi katikati ya neno, beti limekufa hata liwe na magita mia.

Besi Mtupu

Dada umegusa. Lakini wauaji wakubwa ni bendi za hotelini zinazopiga kopi. Magita matatu yote yamerundikana freti tatu za kwanza, yote yanapiga kodi (nota kadhaa kwa pamoja) zile zile, matokeo yake ni ukuta wa kelele. Kazi iligawanywa kwa sababu: rithim akae chini, sekondi solo katikati, solo apande kuanzia freti ya 12. Wakongo walienda mbali zaidi kwa gita la mi-composé: unatoa waya wa nne mnene, unaweka mwembamba kama wa kwanza, unautuni D ya oktevu ya juu. Gita linang'aa, halimgusi rithim, halimgusi solo. Gharama yake ni waya MMOJA. Hawataki!

Mtoto wa Kota

Haya nami nina langu. Maprodyuza wetu wanaweka besi ya kompyuta ya Hz 50, safi, haina kitu juu yake. Kwenye spika ya simu haisikiki kabisa, unabaki na makofi na mtu analalamika peke yake. Gita la besi hata nota yake iwe chini, vidole vinatoa mivumo ya juu ambayo simu inaibeba. Ndiyo maana hiyo besi yenu mnaisikia hata kwenye bodaboda.

Fundi Mitambo Mstaafu

Dogo kumbe una masikio! Karibu.

Waya wa Nne

Wakuu turudi kwenye magodoro.

Shemeji wa Lubumbashi

Magodoro yapi, nyie hamjaibiwa. Sisi sebene tunapewa lote, lakini juu yake wanataja majina ya wafadhili! Solo linapanda, "mkurugenzi fulani", solo linapanda, "mama fulani wa Brussels". Miaka ishirini ikipita hakuna anayemjua huyo mkurugenzi, wimbo umebaki orodha ya watu.

Dada Kanuni

Afadhali majina. Mshereheshaji wa harusi anataja majina NA anakata wimbo NA anaomba makofi.

Besi Mtupu

Anamkata hata Malaika! Wimbo ambao Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akaubeba, Boney M wakautia disko, Angélique Kidjo naye akaupita kwa njia yake, na wote hao haukuwavunjikia mikononi kwa sababu sauti yake hata mtoto anaishika. Mshereheshaji wetu kaushinda kwa "makofi kwa bwana harusi".

Waya wa Nne

Nota mbili jamani, hakuna anayenijibu.

Shemeji wa Lubumbashi

Dada Kanuni, hivi kanuni ikitoka tuni katikati ya shughuli mnafanyaje?

Dada Kanuni

Kila nota ina nyuzi tatu. Ukisikia inaungurumia, uzi mmoja umelegea. Unaubana kwa kidole cha kushoto usilie, unaendelea na nyuzi mbili, ukipumzika beti ndiyo unatia ufunguo. Ila kama mshereheshaji kaweka spika yake nyuma yako, hutasikia ni upi.

Mtoto wa Kota

Spika nyuma ya wapigaji ni ujinga mwingine huo, ngoja niufungulie uzi wake.