Natafuta "iliyolipwa" naletewa "isiyolipwa": haya ndiyo maboresho tunayoyalipia kwa dola?

Wakuu, salamu baadaye, leo nina hasira.

Kazi yangu ni kuandika miongozo. Kampuni yetu ni ndogo, chumba kimoja na nusu Area C hapa Dodoma, tunauza mfumo wa mauzo na stoo kwa maduka ya pembejeo na AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima). Mteja akikwama anafungua mwongozo mtandaoni, anaandika shida yake kwenye kisanduku cha kutafutia, anapata hatua za kufuata. Kwa Kiswahili. Kurasa zimeshapita mia tatu na nyingi nimeziandika mimi. Programu inayobeba hiyo miongozo ni ya nje, inalipiwa kila mwezi. Jina silitaji, mods wasije wakanifungia.

Wiki tatu zilizopita tukaamka tukakuta "maboresho". Hatukuulizwa, tuliletewa tu dirisha lenye maputo na neno la hongera.

Nianze na dogo, kihariri, yaani pale pa kuandikia kurasa. Tulikuwa tunaandika Markdown: alama ya reli kwa kichwa cha habari, nyota kwa kukoleza, imetoka. Bando likiisha unaandika kwenye Notepad, unakuja kubandika baadaye. Sasa kila aya ni boksi lake, na ukigusa alama ya / inaruka menyu ikuulize unataka jedwali, picha au video. Jamani, Mtanzania anaandikaje bei? 50,000/=. Kila bei menyu, kila bei menyu! Juzi nimegonga enta bila kuangalia, jedwali likatua katikati ya sentensi ya mbolea ya kupandia. Halafu kuna kisahihishaji kimejiwasha chenyewe. Nimeandika "Kama mteja hajalipa", kimeweka "Karma mteja hajalipa". Sentensi hiyo imekaa hewani siku mbili. Kitufe cha kuhifadhi nacho wamekitoa, eti inajihifadhi yenyewe. Umeme ulipokatika na ruta ikazima, nilirudi nikakuta ukurasa wa saa nne asubuhi wakati nilikuwa nimeandika hadi saa nane.

Hayo ningeyavumilia. La utafutaji silivumilii.

Jumamosi nimepigiwa simu na mama mmoja mtunza stoo wa Kibaigwa. Sauti inatetemeka. "Mwanangu, mashine yenu inasema nimeiba mbolea." Nikamwambia mama tulia, nieleze taratibu. Alikuwa amekosea risiti ambayo mteja ameshalipa na mzigo ameshachukua. Akafungua mwongozo, akaandika "kufuta risiti iliyolipwa". Jibu la kwanza kabisa likaja: "Kufuta risiti isiyolipwa". Kwa herufi zile ndogo za simu, nani angeona? Akafuata hatua moja moja, mtu mwaminifu wa watu. Sasa kwenye mfumo wetu, risiti isiyolipwa ukiifuta mzigo unarudi stoo wenyewe. Iliyolipwa lazima upitie Marejesho kwanza. Bosi wake alipokuja kuhesabu, mfumo unasema mifuko miwili ipo, stoo haipo, na kwenye droo kuna hela isiyo na mwenyewe. (Najua, mfumo wetu ungepaswa kumzuia. Nimeshagombana na wenzangu kuhusu hilo, tusihamie huko.)

Nikakaa chini kuangalia kwa nini. Huu utafutaji mpya unasamehe makosa ya kuandika. Unahesabu herufi ngapi zibadilike ili neno moja liwe jingine, kipimo cha Levenshtein, yule Mrusi aliyekitunga 1965, na kwa maneno marefu kawaida ni kusamehe hadi herufi mbili. Kwa Mzungu anayekosea tahajia ni msaada mkubwa. Kwetu? Iliyolipwa, isiyolipwa: toa L weka S. Mashine inaona kidole kimeteleza, sisi tunaona hela imeingia au haijaingia. Kutoa mzigo na kutia mzigo, herufi moja. Kufuta na kufuata, herufi moja. Na kwa kuwa ukurasa wa isiyolipwa ndio unaofunguliwa sana, wanaupandisha juu.

Tena ajabu, panapotakiwa ulegevu hakuna. Zamani ukiandika "lip" inakuletea kulipa, malipo, aliyelipa, hajalipwa, vyote. Sasa inasoma neno kuanzia mwanzo na kukata mkia kama wa Kiingereza, ile ing na ile s. Kiswahili neno letu linavaa kofia, mzizi uko katikati. Ukitafuta "malipo" ukurasa wenye "kulipa" hauonekani.

Nimewaandikia. Wamejibu kwa upole mwingi kwamba wanathamini maoni yangu na nichague lugha yangu kwenye mipangilio. Nimechungulia orodha: Kiswahili hakimo. Wala si wao tu. Elasticsearch, injini ya kutafutia ambayo nusu ya dunia inaijengea juu yake, ina vichanganuzi vya lugha vilivyo tayari: Kibaski kimo, Kigalisia kimo, Kisorani cha Wakurdi kimo. Cha kwetu hakuna, pamoja na kelele zote za Siku ya Kiswahili Duniani kila Julai 7. Lakini hata huko kuna swichi ya kuzima huo msamaha wa herufi. Hawa jamaa swichi wameificha, ukitaka uione uhamie kifurushi cha bei ya juu.

Na msiniambie ndiyo teknolojia, lazima ubadilike. Wikipedia walileta kihariri kipya cha kubofya mwaka 2013, wahariri wakapiga kelele kwelikweli. Cha zamani hakikuondolewa. Hadi leo unachagua unachotaka.

Kwa sasa nimeanza kubadilisha vichwa vya habari: "Kufuta risiti ambayo mteja AMESHALIPA" na "Kufuta risiti ambayo hela BADO". Ni Kiswahili kibovu cha kukwepa mashine, na bado kurasa mia na kitu sijazigusa. Mama wa Kibaigwa yeye amesema hataki tena kuona mwongozo kwenye simu, nimchapishie karatasi, maandishi makubwa. Leo asubuhi nimetoka stationery na kurasa kumi na mbili, zinapanda basi la jioni.

Aliyewahi kuhamisha miongozo yote kwenda kwenye wiki (tovuti ya mtindo wa Wikipedia) ya kujiwekea mwenyewe aniambie amelipia seva shilingi ngapi kwa mwezi, na kama kutafuta "lip" kunaleta "malipo". Jibuni hapahapa, PM nimefunga.