Mjadala: Kubaki nyumbani siku ya kura, ni ujumbe au ni kimya tu?

Mpwa wangu ana miaka 24. Kitambulisho anacho, na jina lake limo katika daftari la wapigakura. Tarehe 9 Agosti 2022, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, hakwenda. Juzi barazani, kikombe cha kahawa mkononi, aliniambia: "Mjomba, kutopiga kura nako ni kupiga kura. Nimewaambia siwataki wote." Wenziwe wanne wakamuitikia. Nimelilalia na kuliamkia neno hilo, na naona halinitoki, ndiyo maana nalileta kwenu.

Hapa Mombasa tulioandikishwa tulikuwa tunapita 640,000. Waliojitokeza kumchagua rais hawakufika nusu. Gavana tulimchagua tarehe 29, kwa kuwa uchaguzi huo uliahirishwa hapa na katika kaunti ya Kakamega baada ya karatasi za kura kupatikana na makosa, na siku hiyo watu wakapungua zaidi. Nchi nzima waliopiga kura ni kama asilimia 65 ya watu 22,120,458. Mwaka 2013 walikuwa karibu asilimia 86.

Sasa tazameni pengo la juu kabisa. William Ruto alitangazwa kwa kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Waliobaki nyumbani Mombasa peke yake ni zaidi ya 300,000. Sisemi wangempa nani. Nasema tu kwamba mji mmoja uliokaa kimya ni mkubwa kuliko tofauti iliyoamua nani ataingia Ikulu.

Asubuhi ya tarehe 10 nilirudi kituoni kwangu, darasa la shule ya msingi. Fomu 34A, karatasi ya matokeo ya urais ya kituo, ilikuwa imebandikwa mlangoni, kona moja imeanza kubanduka kwa unyevu. Nikaipiga picha, kisha nikaisoma kwa kidole mstari baada ya mstari. Wagombea wanne, kila mmoja na kura zake. Idadi ya waliosajiliwa. Hata kura zilizokataliwa zina nafasi yake. Nikamtafuta mpwa wangu pale na hasira zake zote, nisimuone. Aliyeko Dubai kikazi, mgonjwa aliyelazwa, marehemu ambaye jina lake halijafutwa, aliyeshindwa kuamka, na kijana aliyesusa kwa uchungu wa kweli, wote wametumbukia katika shimo moja. Hakuna karani awezaye kuwatenganisha, wala hakuna mwanasiasa atakayejisumbua kujaribu. Ujumbe gani huo usiojulikana na ule wa aliyelala?

Lakini hoja zake nyingine zina uzito, na sitaki kuzipita mbio. Aliniuliza: makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi waliyakana matokeo tarehe 15 Agosti, siku ile ile yalipotangazwa katika ukumbi wa Bomas, Nairobi, mimi raia niamini nini? Hilo lilinichoma, kwani hata mimi usiku ule nilikaa roho juu, nikikumbuka uchaguzi wa mwaka 2007 na zaidi ya watu 1,000 waliouawa katika vurugu zilizoufuata. Ni kweli majaji saba wa Mahakama ya Juu waliyathibitisha matokeo kwa kauli moja tarehe 5 Septemba, ila nilijua hukumu pekee haingemtuliza. Basi nikamwambia atoe simu. Fomu za vituo zilikuwa zimewekwa kwenye tovuti ya tume, mtu yeyote aliweza kuzifungua. Tukaitafuta ya kituo changu, tukailinganisha na picha yangu ya mlangoni. Tarakimu kwa tarakimu, zilikuwa zile zile. Hiyo haithibitishi vituo vyote 46,229, najua. Inathibitisha kwamba kura yangu niliyoitia sandukuni ilifika ilikokwenda.

Akasema tena: hata viongozi wabadilike mara mia, maisha ya hapa ni yale yale. Hapo ndipo nilipopandisha sauti, Mungu anisamehe. Baba yake alikuwa dereva wa lori la makontena. Amri ya kupandisha mizigo kwenye reli moja kwa moja hadi Nairobi ilipotoka, lori likaegeshwa, utingo akarudi kwao, yadi walizokuwa wakipakia zikabaki na walinzi. Mama ntilie wa pale kwenye kona akafunga. Amri ile haikushuka kama mvua. Ilitolewa na serikali. Na tarehe 13 Septemba, siku ya kuapishwa, rais mpya alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Utekelezaji ni jambo jingine, mimi sishangilii ahadi. Ila mtoto aliyelala njaa kwa saini ya mkubwa fulani haniambii kwamba haidhuru nani ameshika kalamu.

Mamangu, ndiye nyanya aliyemlea mpwa wangu, alipiga kura ya mlolongo mwaka 1988, nyuma ya picha ya mgombea wake, jua la saa sita, hadharani kila mtu akimuona. Mstari wao ulikuwa mrefu. Akatangazwa wa mstari mfupi. Angekuwa na haki ya kususa maisha yake yote. 1992 alikwenda, 1997 akaenda, na Desemba 2002, uchaguzi ulioiondoa KANU madarakani, aliporudi na wino kidoleni alikaa kizingitini akalia.

Mpwa wangu akajibu polepole: "Yeye alikuwa na kitu cha kungojea, Mjomba." Sikupata la kumwambia.

Kwa hiyo nauliza nyinyi mliobaki nyumbani kwa kukusudia, si kwa ugonjwa wala safari: mlitaka nani asikie, na mmeona dalili gani kwamba amesikia? Na wenye kituo kama changu, mlisoma ile karatasi mlangoni?