Baba alitengeneza majeneza ya bure. Je, matendo yake si kitu?

Binti Seremala
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Mwezi jana tumemzika baba yangu, Bukoba vijijini. Alikuwa seremala. Karakana yake ni banda nyuma ya nyumba, kando ya migomba, na tangu niko darasa la pili kazi yangu ilikuwa kumshikia kopo la misumari. Wasio na uwezo wakifiwa, walikuja usiku na kamba waliyompimia marehemu urefu. Baba hakutaja bei. Aliilaza ile kamba juu ya ubao wa paina, akatia alama ya penseli, akaanza kukata. Kukicha jeneza lipo. Wachache walirudi na mkungu wa ndizi msiba ulipoisha. Wengi hawakurudi.

Alibatizwa Mlutheri, akapata kipaimara, ila kanisani alionekana Krismasi na Pasaka tu. Kwenye mazishi, aliyehubiri alisoma Waefeso 2:8-9, kisha akasema mbele ya umati kwamba matendo hayampeleki mtu mbinguni, tusijifariji na majeneza. Mama hakutia kitu kinywani siku nzima.

Mistari ile naijua kwa moyo na ninaiamini. Naomba mnijibu kwa Maandiko, msinibembeleze. Yakobo 2, inayosema imani bila matendo imekufa, tuisomeje?

Mwinjilisti Mstaafu
Pole sana mwanangu. Nimetumika KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, miaka 31 na nimezika wengi. Aliyehubiri alisoma kweli, ila alikata mapema. Mstari wa 10 unaendelea: tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema". Matendo hayanunui wokovu, lakini ndiyo tuliyoumbiwa.

Sasa Yakobo. Yeye na Paulo wote wanamtaja Ibrahimu, lakini tazama wanamshika wapi. Paulo, kwenye Warumi 4, anamchukua Mwanzo 15: Isaka hajazaliwa, Ibrahimu hana la kuonyesha, anaamini ahadi tu na kuhesabiwa haki, yaani Mungu anamkubali kuwa mwenye haki. Yakobo anamchukua Mwanzo 22, miaka mingi baadaye, mtoto yuko juu ya madhabahu. Paulo anasema na mtu anayetaka kumdai Mungu kwa tohara na sheria. Yakobo anasema na mtu anayemwambia mwenye njaa "enenda kwa amani, ukashibe", naye hampi hata tonge.

Luther mwenyewe, alipotafsiri Agano Jipya mwaka 1522, aliuita Yakobo waraka wa majani makavu. Hapo simfuati. Lakini mwaka huohuo, kwenye utangulizi wa Warumi, aliandika kwamba kutenga matendo na imani ni sawa na kutaka kuutenga moto na joto na mwanga wake, haiwezekani. Hapo namfuata mpaka kaburini.

Mama Mlokole
Dada mpendwa, nalia nawe. Ila umesema tusikubembeleze. Yule mnyang'anyi msalabani hakuwa na jeneza hata moja la kuonyesha. Alisema "nikumbuke" na ikatosha. Tukianza kuhesabu mema ya wafu wetu, yeye tutamweka wapi? Wapo watu wema sana wasiomtaka Yesu. Simhukumu baba yako, sikumjua. Nachosema ni kwamba tusilegeze neno kwa sababu ya msiba.

Katekista wa Kigango
Mama Mlokole, hapo hatugombani. Wengi hudhani sisi Wakatoliki tunafundisha kujiokoa kwa matendo. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wetu, mwaka 1547, katika kanuni ya kwanza kabisa kuhusu kuhesabiwa haki, ulikataa kwamba mtu anaweza kuipata haki hiyo kwa matendo yake pasipo neema ya Mungu kwa njia ya Kristo. Na tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Wakatoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba tunapokelewa kwa neema tu, kwa imani, si kwa stahili yetu, nasi tunapewa Roho anayetuwezesha kutenda mema. Tofauti bado zipo. Sisi, kwa mfano, tutaendelea kumwombea baba yako Misa.

Dada, soma Mathayo 25. Wale wa kuume wanashangaa: "Bwana, ni lini tulipokuona?" Hawakuwa na daftari la mema yao. Naomba nikuulize: baba alikuwa akisali?

Binti Seremala
Shikamoo Mwinjilisti. Asanteni nyote, na wewe Mama Mlokole pia, umeniambia kweli bila kunitupa.

Katekista, swali lako limenikesha. Mezani baba hakuwahi kuomba kwa sauti, alimwachia mama. Lakini kila jeneza likiisha, kabla ya kulifunika, alivua kofia, akapangusa vumbi la randa mle ndani kwa kiganja, kona kwa kona, akasema, "Bwana, huyu ni wako. Na mimi usinisahau." Kisha akaninyooshea mkono nimpe misumari. Nilidhani ni desturi ya mafundi wote.

Nimemsomea mama maneno yenu jioni hii. Akaniambia nimpigie simu aliyehubiri, nimsimulie hilo la kofia. Kesho nampigia.