MREJESHO: Nilikwama kuandika hadithi, ushauri wenu umenisaidia

Wakuu, mi ndo yule niliyeomba ushauri hapa kwamba nakaa na daftari usiku hadithi haitoki. Asanteni sana jamani. Ile ya kuamka alfajiri na chai ya tangawizi kabla sijashika simu imekubali kabisa, huku Mbagala saa hizo hata bodaboda hazijaanza kelele. Kupanda pantoni Feri kwenda Kigamboni nikisikiliza watu kumenipa maneno matamu ya wahusika, ila kuandika mle ndani haiwezekani kwa ule msongamano. Udi na muziki vimegoma, nasinzia tu. Dawa yenyewe ni ile ya Hemingway, yule mwandishi wa Marekani, kuacha kuandika wakati bado unajua kinachofuata, kesho yake nikikaa tu inatiririka. Imebaki sura ya mwisho, bado inanisumbua. Mbarikiwe sana.