Mjadala: Kulinganisha matokeo na yale yaliyohifadhiwa ni kupima programu, au ni kuyatunza makosa?

Mtunza Msimbo: Ndugu wachangiaji, kikosi chetu hupima programu ya mishahara kwa njia moja tu: tunaiendesha kwa wafanyakazi 900 wa kubuni, kisha hati zao za malipo zinalinganishwa mstari kwa mstari na zile tulizohifadhi mara ya mwisho, na penye tofauti jaribio linaanguka. Oktoba 2024, SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya unaokatwa mishaharani, ilipochukua nafasi ya ule wa zamani wa NHIF hapa Kenya, hati zote zilianguka kwa mpigo. Hilo tulilitarajia, maana mwenye mshahara wa shilingi 100,000 aliyekuwa akikatwa 1,700 sasa hukatwa asilimia 2.75, yaani 2,750. Kijana wetu mmoja akatoa amri moja ya kuhifadhi upya matokeo yote, na majaribio yakapita. Kumbe malipo ya saa za ziada yalikuwa yamesahaulika katika jumla inayokatwa, na tangu siku hiyo majaribio yakawa yanalilinda kosa hilo. Kwa hiyo nasema huu si upimaji, kwa kuwa matokeo ya leo hayapimwi kwa sheria bali kwa matokeo ya jana. Na anayekubali tofauti asizozisoma si mhandisi, ni karani wa kupiga mihuri.

Mwashi: Unaizika njia ambayo PostgreSQL, ile programu ya hifadhidata, imeitegemea miaka mingi. Huko kuna saraka ya maswali na saraka ya majibu yanayotarajiwa. Majibu mapya yakitofautiana, tofauti zote hukusanywa katika faili moja ili mtu azisome. Kama sikosei, toleo la 11 lilipobadilisha uandishi wa namba za desimali, walilazimika kurekebisha majibu mengi, na hakuna aliyelia kwamba njia imekufa.

Bint Pwani: Lilikuwa toleo la 12, la mwaka 2019. Isitoshe, mfano wako unamsaidia mwenye mada kuliko unavyokusaidia wewe, kwa sababu mwongozo wa PostgreSQL wenyewe unakiri kwamba tofauti ndogo za desimali zinahitaji jicho la binadamu.

Karani Mstaafu: Mimi programu sizijui, lakini ukarani wa mishahara nimeufanya miaka 22, na neno lile la mihuri limenichoma. Kila mwisho wa mwezi tuliliweka daftari la mwezi uliopita kando ya jipya, tukashusha rula jina kwa jina, na kila tarakimu iliyobadilika ilidai karatasi: barua ya kupandishwa cheo, fomu ya likizo, au hesabu ya saa za ziada iliyotiwa saini na msimamizi. Pasipo karatasi, mshahara haukupita. Aliyebadilisha hati 900 kwa amri moja angefukuzwa ofisini kwetu kabla ya saa nne. Msimwite karani.

Mtunza Msimbo: Mzee wangu, naomba radhi. Nilimaanisha karani wa mithali, si wewe.

Karani Mstaafu: Mimi ni mama, mwanangu, wala si mzee. Na huyo karani wa mithali sijawahi kukutana naye.

Mwashi: Mama ameeleza nilichoshindwa kueleza: daftari la jana halikuwa na kosa, kosa ni la aliyelikubali jipya pasipo karatasi.

Bint Pwani: Tusimpakie kijana mzigo wote. Hakuna binadamu anayesoma hati 900 zilizobadilika kwa siku moja. Akifika ya 40 macho yanaona asichokisoma. Kuna namna ya kupunguza mzigo huo. Wajenzi wa LLVM, mradi wa zana za kutafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, wana chombo kiitwacho FileCheck, ambacho hakilinganishi faili zima bali hutafuta mistari ile tu ambayo mwandishi wa jaribio aliitaja kuwa ya maana. Mngetaja mstari wa jumla na mstari wa SHIF, kisha asilimia yenyewe mkaipiga nje ya programu kwa wafanyakazi kumi mliowachagua kwa makusudi, akiwemo mwenye saa za ziada, kosa lingejitokeza.

Mwashi: Na mstari ambao hamkuutaja ukiharibika je? Faida ya kuhifadhi hati nzima ni kwamba hunasa usichokifikiria. Mtu hawezi kutaja mapema kosa asilolijua.

Bint Pwani: Hati nzima iliwanasia nini Oktoba? Tofauti ilionekana, ila ilikuwa imefichwa katikati ya tofauti 899 halali.

Mwashi: Basi wangeigawa kazi: kwanza wabadilishe kiwango cha makato peke yake na kuyakubali matokeo, halafu ndipo waguse jumla.

Karani Mstaafu: Mimi nina swali ambalo hamjaligusa. Wale wenye saa za ziada walikatwa pungufu. Makato yaliyosalia yalilipwaje?

Mtunza Msimbo: Mama, mwajiri aliyakata katika mshahara wa mwezi uliofuata, kwa mkupuo mmoja. Waliouliza walionyeshwa hati yenye mstari wa makato ya nyuma.

Karani Mstaafu: Na hati yenye mstari huo imo katika zile 900 zenu?

Mtunza Msimbo: Haimo, mama.