Tupeane uzoefu: Vituo, zahanati na shule mliokopa kufunga sola, deni linalipika?

MtunzaHazina_Veyula
Mbukwenyi wakuu. Mimi ni mtunza hazina wa kituo cha watoto wenye ulemavu, nje kidogo ya Dodoma mjini. Watoto 62, kisima kimoja chenye pampu ya umeme, friji ya dawa, na jenereta ambalo tangu mgao wa mwishoni mwa 2023 limekuwa kama mtoto wa 63, nalo linadai kula.

Mfadhili wetu wa miaka mingi kaja na lugha mpya. Safari hii si msaada, ni "uwekezaji wa kijamii". Sola ya milioni 28: robo ruzuku, robo tatu mkopo, riba asilimia 5 kwa mwaka, miaka minne. Anasema tutalipa kwa pesa tutakayookoa kwenye Luku na dizeli. Kwenye kikao mzee mmoja wa bodi akauliza, "Yatima anakopaje?" Watu wakacheka, lakini hakuna aliyemjibu.

Waliopita njia hii watiririke. Sitaki nadharia, nataka yaliyowakuta.

Nesi_Mpwapwa
Sisi ni zahanati ya kanisa. Mwaka 2019 marafiki wa parokia walioko nje walitukopesha bila riba, tulipe kwa miaka mitatu. Tukafunga paneli na betri za asidi. Fundi alipiga hesabu ya taa, friji ya chanjo na darubini, basi.

Mwezi wa pili simu za kijiji kizima zikawa zinachajiwa mapokezi. Mwezi wa nne ikaja TV. Halafu mtu, sitamtaja maana bado tunasalimiana, akaleta jagi la kuchemshia chai. Jagi moja wati 2,000 jamani! Friji yetu haifiki hata wati 100. Betri za aina ile ukizinyonya kupita nusu kila usiku unazichimbia kaburi. Zilikufa mwaka wa tatu ukiwa ndiyo kwanza unaanza, deni bado. Tukawa tunalipia betri ambazo tumeshaziuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na chanjo zikisafiri kwa bodaboda ndani ya boksi la baridi kila kipimo cha friji kilipokaribia nyuzi 8.

Siku hizi friji ina paneli yake na waya wake peke yake, hakuna soketi hata moja pale. Kuchaji simu ni shilingi 300, inaingia kwenye kopo la betri. Mganga mfawidhi naye analipa.

Mlalahoi_Kongwa
Nesi hilo jagi limenimaliza 😂 Ila hamuoni kitu hapa? Wafadhili wamegeuka wakopeshaji. Kesho watatuma dalali achukue vitanda vya watoto.

MtunzaHazina_Veyula
@Mlalahoi_Kongwa hilo nimeliuliza. Dhamana ni mitambo yenyewe, si majengo. Nimeomba iandikwe, bado haijaandikwa.

BiMkubwa_Manyoni
Mwanangu mtunza hazina, hiyo "mtalipa kwa mtakachookoa" ndiyo iliyotuingiza shimoni, kwa hiyo nisikilize taratibu.

Tuna hosteli ya wasichana, tunalisha 140. Lilipotoka agizo la taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, tukapata mkopo wa masharti nafuu wa majiko ya gesi. Akaja mtaalamu na kompyuta yake, akauliza kwa mwezi mnachoma kuni kiasi gani. Tukamwambia lori moja na nusu. Akazidisha kwa bei ya lori sokoni, akatuonyesha kwamba gesi ni rahisi kuliko kuni na chenji itakayobaki inalipa rejesho. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Tukasaini.

Kosa lilikuwa moja: kuni zile hatukuwahi kuzinunua. Kila binti akitoka likizo alikuja na mzigo wake, na nyingine zilitoka shamba la kanisa. Kwenye vitabu vyetu kuni ilikuwa sifuri. Sasa gesi ni pesa taslimu, rejesho ni pesa taslimu, na ile pesa "tuliyookoa" haikuwahi kuwepo mfukoni mwa mtu. Miezi saba tulikuwa tunakata kwenye chakula. Uji ukawa mwepesi, mabinti wakauita maji ya mvua.

Nasema ukweli wote: wapishi wetu wawili wameacha kukohoa, na jikoni unaona ukuta una rangi gani. Lakini kikohozi kilichopona hakipeleki rejesho benki. Kilichotuokoa ni wazazi. Tuliwaita, tukafungua vitabu mbele yao, tukakubaliana kwamba badala ya kuni kila mzazi alete debe la alizeti wakati wa mavuno. Tunapeleka mashineni, mafuta tunauza, mashudu tunauza. Mkopeshaji naye alikubali kutuongezea mwaka mmoja. Tungeanzia hapo, nisingepata vidonda vya tumbo.

MtunzaHazina_Veyula
Shikamoo mama. Hii ya kuni imenifanya nifungue tena daftari la dizeli. Nitarudi.

Bahi_Kwetu
Ngoja na mimi nitie la heri, msije mkadhani kote ni vilio.

Kisima chetu kilikuwa na mashine ya dizeli. Watu wananunua maji shilingi 50 ndoo, na karibu pesa yote inarudi kununua dizeli. Shirika moja likatukopesha pampu ya sola kupitia chombo chetu cha watumia maji, RUWASA, wakala wa maji vijijini, wakiwa wanajua kila hatua. Hakuna betri hata moja. Jua likiwaka pampu inasukuma, maji yanapanda kwenye tangi la lita 20,000, usiku yanashuka yenyewe. Betri yetu ni tangi. Halifi kwa jagi la chai.

Kwetu pesa ya rejesho ilikuwa inaonekana kwa macho: ileile ya dizeli tulikuwa tunaikusanya kila jioni, tukabadilisha tu pa kuipeleka. Deni tulilimaliza miezi mitano kabla ya muda.

Ila tuliomba kitu kimoja kabla ya kusaini. Huku mvua inanyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na madimbwi yakijaa hakuna anayekuja na ndoo. Mauzo yanaanguka, na mawingu nayo yanapunguza maji. Tukasema Januari hadi Machi tulipe nusu, tufidie kiangazi. Walishangaa, wao walizoea rejesho lililo sawa mwaka mzima. Wakakubali.

Fundi_Nkuhungu
Nakazia ya Bahi. Kwa Dodoma jua si tatizo, vumbi ndilo tatizo. Kuanzia Juni hadi Novemba paneli isiyofutwa inageuka bati. Sisi tuko kusini ya Ikweta, paneli itazame kaskazini na ilale kidogo tu, isiwe bapa kabisa, ili hata maji ya kuoshea yashuke na uchafu. Futeni asubuhi kabla jua halijapata moto.

Betri: lithiamu unaweza kuinyonya asilimia 80 na ikadumu miaka, asidi ishia nusu. Bei ya lithiamu inaumiza siku ya kununua tu. Na mkopo usiwe na maisha marefu kuliko betri. Mkuu, mkataba wenu unasema betri aina gani? Ukikuta neno "betri" peke yake, usisaini.

Kuna shule niliwahi kufunga paneli nane Ijumaa, Jumatatu nikakuta sita. Bolti zichomelewe.

Wakili_AreaC
Mawili tu, niko barabarani. Kwanza katiba yenu: je, inaruhusu taasisi kukopa, na nani anasaini? Kama mna bodi ya wadhamini, mali iko kwa jina lao, kwa hiyo muhtasari wa kikao uwepo na saini zao, siyo ya mkurugenzi peke yake.

Pili, deni ni la shilingi au dola? Nina wateja walikopa kwa dola mwanzoni mwa 2023 ikiwa kama 2,300. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Hawakuongeza taa hata moja lakini rejesho lilinenepa. Pesa yenu inaingia kwa shilingi, deni liandikwe kwa shilingi. Akikataa, basi anataka ninyi ndio mbebe hatari ambayo yeye anaijua kuliko ninyi.

Mwanachuo_UDOM
Nyongeza kidogo. Nilikolikuta hili jina la uwekezaji wa kijamii kwenye utafiti wangu ni Uingereza. Big Society Capital, taasisi ya fedha za uwekezaji huo (siku hizi inaitwa Better Society Capital), ilianza 2012 kwa pesa zilizolala kwenye akaunti za benki bila mwenyewe kuzigusa. Mwaka 2015 ikaanzishwa Access, ambayo kazi yake ni kuchanganya ruzuku na mkopo, kwa sababu waliona taasisi ndogo haziwezi kubeba mkopo mtupu. Kwa hiyo ile robo ya ruzuku si huruma, ni sehemu ya muundo. Ombeni iongezwe.

Mlalahoi_Kongwa
Akaunti yangu haijalala, imekufa. Waje waichukue.

Hesabu_Kibaigwa
Mkuu hujasema riba hiyo asilimia 5 inahesabiwa kwenye mkopo mzima mpaka mwisho au kwenye salio linalobaki. Milioni 21 kwa miezi 48: ya kwanza rejesho ni 525,000, ya pili ni kama 484,000. Tofauti ya shilingi elfu 41 kila mwezi ni gunia ngapi za mahindi, jibu mwenyewe.

MtunzaHazina_Veyula
Nimerudi wakuu. Ni ile ya mkopo mzima, 525,000.

Sasa sikilizeni nilichokikuta kwenye daftari. Andiko letu kwa mfadhili lilisema dizeli ni 380,000 kwa mwezi. Kweli, kwa ile miezi ya mgao. Miezi 12 iliyopita wastani ni 90,000. Luku 340,000, na sola ingepunguza labda 200,000. Jumla 290,000 kwa mwezi, rejesho 525,000. Hiyo 235,000 inayopungua ingetoka kwenye sahani za watoto, kama kwa mama wa Manyoni. Na andiko lile niliandika mimi.

Nikaigawa upya. Pampu peke yake inakula 160,000 ya Luku, na umeme ukikatika siku mbili tunaita boza la maji, wastani 70,000 kwa mwezi. Hizo ni pesa zinazotoka kweli, risiti ninazo. Pampu ya sola na tangi, bila betri, fundi kanipa milioni 9.6. Kwa masharti yaleyale ya robo ruzuku, rejesho linakuwa 180,000, na 50,000 inabaki ya matengenezo. Friji nitaifanyia kama Nesi, paneli yake peke yake, hiyo tutaichangisha. Jenereta libaki hapohapo lilipo.

Nimemwandikia mfadhili jana usiku. Leo kajibu mstari mmoja: kiwango cha chini cha mfuko wao ni milioni 15. Kikao cha bodi ni Jumamosi.

BiMkubwa_Manyoni
Mwambie ulichotuambia hapa, na risiti za boza ziambatanishe. Na yule mzee aliyeuliza swali la yatima, safari hii mkaribisheni aongee wa kwanza.

Bahi_Kwetu
Kuna kituo au shule jirani yenu yenye kisima? Mkiungana wawili mnafika hiyo 15 bila mtu kubeba asichokihitaji. Njoo PM nikupe rasimu ya mkataba wetu.

MtunzaHazina_Veyula
Ipo shule ya msingi ng'ambo ya korongo, pampu yao imekufa tangu mwaka juzi. Kesho asubuhi nakwenda kumuona mwalimu mkuu.